Mdudu Mzima katika Picha Moja

Kidukari anayefyonza majani ya viazi katika mashamba ya Karuba, huko Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ana urefu wa milimeta mbili hivi. Kwa macho matupu ni nukta ya kijani isiyo na sura. Mtaalamu wa wadudu akimweka chini ya hadubini hutazama sehemu mbili kabla ya nyingine zote: vinundu vilivyo kichwani, pale vipapasio vinapoota, na vijirija viwili vinavyochomoza nyuma karibu na mkia. Vinundu vikiinamiana kwa ndani, yaelekea ni Myzus persicae, msambazaji mashuhuri wa virusi vya viazi duniani. Vikiachana kwenda nje, na vijirija vikawa virefu vyenye alama za wavu kwenye ncha, huyo ni Macrosiphum euphorbiae, ambaye kwa upande wa virusi madhara yake kwa kawaida ni madogo zaidi. Mkulima anayetunza mbegu yake mwenyewe msimu baada ya msimu hurithi na virusi vilivyomo ndani ya kiazi, mavuno yakapungua kidogo kidogo bila jani kuonyesha dalili ya kutisha. Kwa hiyo kumjua aliyeleta virusi si jambo la vitabuni tu. Kikwazo ni kwamba kichwa na mkia wa kiumbe huyu havikubali kukaa pamoja kwenye picha moja kali. Ukilenga kichwa, nyuma kunageuka ukungu. Ukilenga nyuma, kichwa kinapotea. Dawa yake ipo: kumpiga mdudu picha nyingi, kila moja ikiwa kali kwenye tabaka lake, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa picha moja ambamo mdudu mzima anaonekana. Wengi huiona njia hii kama ufundi wa mapambo, kitu cha kutundika ukutani. Ninaloshikilia hapa ni kwamba picha ya tabaka ni chombo cha ushahidi, na mahali kama Masisi pana haki nacho kuliko studio yoyote ya Ulaya.

Tatizo lenyewe linatokana na tabia ya mwanga, wala si ubovu wa kamera. Lenzi hukusanya miale inayotoka kwenye nukta moja ya kitu na kuikutanisha tena kwenye nukta moja ya kihisio cha kamera. Hilo hufanikiwa barabara kwa umbali mmoja tu. Kilicho mbele kidogo au nyuma kidogo ya umbali huo huchorwa kama kiduara badala ya nukta, na kiduara kikiwa kidogo sana jicho halitambui tofauti. Ukanda huo ambamo jicho halilalamiki ndio wapiga picha huuita eneo la fokasi. Ukipiga picha vilima vya Masisi kutoka mbali, ukanda huo ni wa kilometa nyingi na hakuna anayeufikiria. Ukimsogelea mdudu mpaka sura yake kwenye kihisio ikalingana na ukubwa wake halisi, ukanda unabaki kiasi cha milimeta moja, kwa kamera ya kihisio kikubwa na tundu la lenzi la f/8. Ukimkuza mara tano, unabaki kiasi cha sehemu ya kumi ya milimeta, yaani unene wa unywele. Kidukari aliyetazamwa kutoka mbele ana kina cha unywele mmoja juu ya mwingine mara kadhaa wa kadhaa, na kamera inaona mmoja tu kwa wakati.

Mpiga picha mzoefu atajibu upesi: basi ufunge tundu la lenzi, ukanda utapanuka. Ni kweli, ila kwa gharama ambayo hailipiki. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo hupinda kwenye kingo zake na kutawanyika, na kila nukta ya mdudu huishia kuwa doa pana. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena aliyefanya kazi na Carl Zeiss, alionyesha kwamba mipaka ya hadubini inatoka hapo hapo: kadiri lenzi inavyopokea miale ya pembe finyu, ndivyo inavyoshindwa kutenganisha vitu vidogo. Tena ukuzaji huongeza ugumu. Lenzi iliyowekwa f/16 ikimkuza mdudu mara tano hutenda kana kwamba imewekwa f/96, na kwa tundu dogo namna hiyo vinyweleo vya mguu wa kidukari huungana kuwa kivuli kimoja. Ndiyo maana nasema picha moja haiwezi kutimiza kazi hii hata ikipigwa na fundi hodari kwa vifaa vya bei kubwa. Ama upate undani wa sehemu ndogo, ama upate mwili mzima usio na undani. Njia ya tabaka inakwepa uchaguzi huo kwa sababu inaacha tundu likiwa wazi kiasi, inapata undani wote ambao lenzi inaweza kutoa, halafu inatafuta kina kwa kusogea.

Kusogea kwenyewe hufanywa na reli ndogo yenye mota, inayosukuma kamera hatua kwa hatua kuelekea kwa mdudu aliyebandikwa asitikisike. Kwa mdudu mwenye kina cha milimeta 2 na hatua za sehemu 4 za mia za milimeta, zinahitajika picha 50 hivi. Mwanga hutoka kwenye flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe ili gamba lising'ae kupita kiasi, na jenereta kama ipo hukaa mbali na meza, kwani mtetemo mdogo tu unaharibu mfululizo wote. Baada ya hapo programu hulinganisha picha, kwa sababu mdudu hubadilika ukubwa kidogo kila kamera inaposogea, kisha hutafuta katika kila eneo picha gani ina ukali zaidi. Kuna mbinu mbili kuu. Ya kwanza hutengeneza ramani ya kina na kuchukua kila eneo kutoka kwenye picha moja. Rangi na ngozi ya mdudu hubaki za asili, lakini pale unywele unapopita mbele ya mguu huzuka utando wa ukungu. Ya pili hugawa picha katika ngazi, kutoka maumbo makubwa hadi chembe ndogo, kwa hesabu iliyochapishwa na Peter Burt na Edward Adelson mwaka 1983, na kuchagua ukali katika kila ngazi peke yake. Hii hutenganisha vizuri vinyweleo vinavyopishana, ila huongeza chengachenga na kukoleza rangi. Mafundi wengi huendesha zote mbili na kuchanganya matokeo kwa mkono. Hapo kwenye mkono ndipo mashaka ya wengi yanapoanzia.

Mashaka hayo yanastahili kusikilizwa kwa ukamilifu. Anayepinga husema hivi: picha ni rekodi ya kitambo kimoja, jicho moja, mahali pamoja, ukichanganya picha 50 umetunga kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona, na kilichotungwa hakiwezi kuwa shahidi. Ingekuwa hoja nzito kama kungekuwa na mtu anayemjua mdudu kwa kumtazama mara moja bila kusogeza fokasi. Hayupo. Anayetumia hadubini huzungusha kitufe juu na chini, anaona vipapasio, anashuka hadi mgongoni, anashuka tena hadi mguuni, na akili yake ndiyo inayojenga mdudu mzima. Wachoraji waliotengeneza vielelezo vya vitabu vya wadudu kwa karne kadhaa walifanya kazi hiyo hiyo kwa kalamu: walizungusha kitufe na kuchora kila kitu kikiwa kikali, kutoka kichwa hadi mkia. Sayansi ilipokea michoro yao kuwa ushahidi, na ilikuwa sahihi kuipokea. Tofauti ni kwamba mchoraji huamua unywele upi unastahili wino na upi uachwe, huku programu ikipitisha kila kilichokuwa na ukali kwa kanuni moja. Chombo cha utafiti Curiosity kilichotua sayari ya Mirihi mwaka 2012 kina kamera ya karibu inayounganisha hadi picha 8 huko huko kabla ya kuzituma duniani, na wanajiolojia husoma chembe za miamba katika picha hizo bila kuziita za kubuni.

Hata hivyo, kuwa chombo cha ushahidi hakumaanishi kuwa haidanganyi. Picha ya tabaka hudanganya kwa njia zake mahususi, na anayeitetea asipozitaja anaidhoofisha. Mdudu akisogeza mguu katikati ya mfululizo, picha ya mwisho yaweza kumpa mguu wa saba. Unywele ulio nyuma huweza kuonekana umepita ndani ya ulio mbele. Kipimo kinaweza kukosewa, kwa kuwa programu hukuza na kupunguza picha ili zilingane. Basi mstari wa kipimo usiotokana na mfululizo ule ule hauna maana. Na yule anayesafisha utando kwa mkono anaweza, kwa nia njema kabisa, kufuta kinyweleo ambacho kingetenganisha spishi mbili. Haya yote yana tiba moja ya msingi: picha 50 za mwanzo zihifadhiwe pamoja na ile ya mwisho, na iandikwe idadi yake, urefu wa hatua, ukuzaji, programu iliyotumika na sehemu zilizoguswa kwa mkono. Shahidi wa namna hii anaweza kuhojiwa. Picha moja yenye ukungu haihojiki, maana kilichofichwa na ukungu hakikurekodiwa popote. Nakubali kwamba wasanii hawafuati masharti haya, wala hawalazimiki. Mwingereza Levon Biss, aliyeonyesha wadudu wa makumbusho ya Oxford mwaka 2016 katika picha kubwa kupita urefu wa mtu, alitumia kati ya picha 8,000 na 10,000 kwa mdudu mmoja, akiangazia kila kipande cha mwili kwa mwanga wake. Ni kazi ya ajabu, lakini kipimo chake ni kingine.

Sasa nije kwa nini jambo hili linaihusu Kivu hasa. Kila spishi inapopewa jina, mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina hilo, na mtu yeyote mwenye shaka lazima arudi kwa mdudu yule. Vielelezo vingi vya mashariki mwa Kongo haviko Kongo. Herbert Lang na James Chapin walikusanya wadudu kati ya 1909 na 1915, na sisimizi wao walielezwa na William Morton Wheeler mwaka 1922 katika kitabu kuhusu sisimizi wa Kongo ya Wabelgiji. Msafara wao ulikuwa wa makumbusho ya New York. Gaston-François de Witte aliongoza ukusanyaji mkubwa katika Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, kuanzia 1933 hadi 1935, na sampuli zake zikaenda Ubelgiji. Jumba la Makumbusho la Tervuren, lililotokana na maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897, lina hazina ya wadudu wa Afrika ya Kati isiyo na mfano. Mtafiti wa Goma au Butembo anayetaka kulinganisha mdudu wake na kielelezo anahitaji viza, tiketi na ruhusa. Kwa hiyo mdudu aliyetoka bonde la Rutshuru yuko mbali zaidi na mtu wa Rutshuru kuliko na mwanafunzi wa Brussels. Picha ya tabaka, yenye ukali wa kutosha kuhesabu vinyweleo, ndiyo njia ya kwanza ya kweli ya kupunguza umbali huo, kwa maana nakala ya picha haiharibiki njiani na haiombi kurudishwa. Tovuti ya AntWeb, iliyoanzishwa na Brian Fisher wa Chuo cha Sayansi cha California mwaka 2002, imethibitisha hilo kwa sisimizi: kichwa, ubavu, mgongo na lebo ya kila kielelezo vimewekwa wazi kwa yeyote mwenye simu.

Atakayesema vifaa ni vya matajiri, nitamkumbusha utafiti ambao ulifanywa na watu wa Ubelgiji wenyewe. Mwaka 2014 Jonathan Brecko na wenzake, kutoka taasisi ya sayansi asilia ya Brussels na jumba la Tervuren, walichapisha ulinganisho kati ya mitambo miwili ghali ya Leica na mtambo waliouunda kwa kamera ya kawaida ya dukani, lenzi ya karibu, reli yenye mota na kabati la IKEA walilolifanya chumba cha mwanga. Mtambo wao uligharimu takriban euro 3,000, pungufu mara 8 hadi 10 kuliko ile ya Leica, na picha zake zilikuwa na undani mwingi zaidi. Walijaribu pia programu nne za kuunganisha, mojawapo, CombineZP, ikiwa ya bure. Za kulipia, Zerene Stacker na Helicon Focus, ndizo zilizowaridhisha zaidi. Euro 3,000 si fedha kidogo kwa chuo cha Kivu Kaskazini. Lakini ni bei ya kifaa, si bei ya jengo, na kifaa kimoja chaweza kuhudumia jimbo zima. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 karibu na Bukavu, bado kina makusanyo yake ya wadudu. Picha za tabaka zingeweza kuanzia pale bila kumwomba mtu wa nje chochote.

Wapo wanaoamini kwamba zama za kutazama zimekwisha, kwamba kipande cha vinasaba kinatosha kumtaja mdudu. Tangu Paul Hebert apendekeze njia hiyo mwaka 2003 imesaidia sana, nami sioni sababu ya kuipinga. Ila vinasaba hujibu kwa kulinganisha na orodha, na orodha ina thamani tu pale ambapo mdudu aliyetoa vinasaba alitambuliwa vyema kwanza, kwa umbo lake. Kisa cha nzi wa matunda kinaonyesha jinsi mambo yanavyoshikamana. Mwaka 2003 nzi mgeni alionekana Kenya, akaanza kuharibu maembe. Mwaka 2005 alipewa jina kama spishi mpya, Bactrocera invadens, na kwa miaka kumi nchi za Afrika zilijikuta na mdudu wa karantini mwenye jina la kutisha. Mwaka 2015 wataalamu, kwa kuunganisha umbo, vinasaba, kemia na majaribio ya uzazi, waliafikiana kwamba ni Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyejulikana zamani. Hakuna njia moja iliyofika huko peke yake. Umbo lilikuwa sehemu ya ushahidi, na ushahidi wa umbo unaoweza kutumwa kwa watu kumi katika nchi kumi kwa siku moja ni picha.

Kuna pingamizi ambalo nalikubali nusu: simu inatosha. Kwa mambo mengi ya shambani, inatosha kweli. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Simu ya kawaida yenye kilenzi cha kubana itamwonyesha vizuri, na bwana shamba anayesubiri mtambo wa reli kwa ajili yake anapoteza mahindi ya watu. Mnyauko wa migomba pia, ambao kwa Kongo ulionekana kwanza Masisi mwaka 2001, hutambulika kwa majani, kwa matunda yanayoiva kabla ya wakati na kwa utomvu wa manjano mgomba ukikatwa. Anayeuliza ni wadudu gani wanaobeba bakteria kutoka ua hadi ua, hata hivyo, anaingia kwenye ulimwengu wa nyuki wasiouma na vijinzi vya milimeta chache, na huko simu inanyamaza. Kwa hiyo mpaka uko wazi kwangu: mdudu mkubwa kuliko punje ya mchele ni wa simu, aliye mdogo kuliko hapo, hasa vidukari, vithiripi na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya wadudu wengine, ni wa tabaka. Kamera ndogo za Olympus zenye uwezo wa kuunganisha zenyewe zimekuwapo tangu katikati ya muongo wa 2010, na zinaweza kuziba pengo kati ya hayo mawili.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu macho wala lenzi. Masisi imepigwa na vita tangu mwaka 1993. Watu wa Karuba wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Nani azungumzie vinyweleo vya kidukari mbele ya mtu anayelala kwenye turubai? Sitaki kulijibu swali hili kwa wepesi. Picha haitoi usalama. Lakini anayerudi shambani hurudi kwenye viazi, na virusi havikungoja amani. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, sampuli haikuweza tena kupanda ndege hapo kwenda maabara yoyote. Faili liliweza kutoka popote penye mtandao. Helicon Focus, mojawapo ya programu mbili zilizofanya vyema Ubelgiji, inatengenezwa Kharkiv, mji wa Ukraine ulioshambuliwa kwa makombora tangu 2022, na kazi ya watu wale haijaonekana na yeyote kuwa anasa. Isitoshe, tantalumu iliyomo ndani ya kamera na kompyuta hutoka kwa sehemu kubwa Afrika ya Kati, na Rubaya, machimbo makubwa ya koltani, iko Masisi hii hii, si mbali na Karuba. Kwamba udongo wa Masisi unaingia kwenye kamera za dunia, huku wadudu wa Masisi wakiwa hawana picha ya kuwatambulisha, ni dhuluma. Na ni moja ya zile chache ambazo zinaweza kurekebishwa kwa euro elfu kadhaa na mafunzo ya majuma machache.

Linalobaki ni nidhamu ya kuhifadhi. Mdudu aliyepigwa picha asitupwe: abaki kwenye droo ya Lwiro au ya chuo cha Goma, akiwa na namba ile ile iliyo kwenye faili, ili siku picha ikitiliwa shaka mwenyewe aletwe mezani. Lebo itaje kijiji, mwinuko, mmea aliokutwa juu yake na tarehe, si jina la jimbo pekee. Nakala moja ya picha zote ikae Kongo na nyingine nje, kwa kuwa majengo huungua na diski huibwa. Na wa kwanza kupigwa wawe vidukari wa viazi, katika misimu yote ya kupanda ya Masisi, kwa sababu mbegu itakayogawiwa msimu ujao inategemea kumjua ni yupi, Myzus au Macrosiphum, anayetembea shambani.